Sungura Watatu

Asubuhi moja katika wiki ya mwisho ya Januari 2025, mjukuu wangu aliamka mapema kama kawaida yake, akachukua kikapu cha majani, akaenda kwenye banda la sungura nyuma ya jiko. Hazikupita dakika mbili nikamsikia akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilipofika nilimkuta amesimama kimya, kikapu kimemwanguka miguuni. Katika chumba cha kushoto cha banda sungura watatu walikuwa wamelala ubavu, miguu imenyooka, wamekwisha kuwa wakavu. Katika chumba cha kulia watatu wengine walikuwa wakitutazama na kuchezesha pua zao kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtoto hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Babu, nani amewaua?"

Huenda msomaji atacheka. Sungura ni kitu gani? Hapa kwetu Nyamigogo, wilayani Biharamulo, mtu huhesabiwa kwa ng'ombe, mbuzi, migomba na mashamba ya mahindi na mihogo. Sungura ni kitoweo, tena kitoweo cha watoto. Lakini hawa hawakuwa kitoweo. Mjukuu wangu aliwapenda kama rafiki zake. Jike mkubwa, mwenye alama nyeusi puani, alimwita Kidoti, na kila alipotoka shule alikaa naye na kumsimulia ya darasani. Mimi mwenyewe sikuruhusiwa hata kutania habari za mchuzi. Kwa hiyo ndani ya nyumba yangu kilikuwa ni kifo hasa, na kifo cha ghafla kuliko vyote: jioni wamekula vizuri na kurukaruka, asubuhi wamekufa.

Tena kilitokea katika siku mbaya. Wilaya yetu yote ilikuwa imeshikwa na hofu. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa taarifa kwamba mkoani Kagera kuna vifo vinavyodhaniwa kuwa vya ugonjwa wa Marburg. Kwanza tuliambiwa vipimo havikuonyesha kitu. Kisha tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika, na jina lililotajwa lilikuwa la Biharamulo. Tuliokuwapo mwaka 2023, ugonjwa huohuo ulipowapata watu 9 Bukoba Vijijini na kuwaua 6 miongoni mwao, tulijua maana ya habari ile. Watu waliacha kupeana mikono. Salamu zilitolewa kutoka mbali, na mtu akikohoa msibani wenzake walisogea.

Katika hali kama hiyo sungura watatu hawafi kimya. Kabla jua halijapanda, habari zilikuwa zimefika mpaka dukani. Mmoja alisema ni ule ugonjwa, umeingia kwa wanyama. Mwingine alisema hapana, huo ni mkono wa mtu. Mwanamke mmoja alinishauri nisiwaguse kabla sijamwona mtaalamu, na hakuwa na maana ya mtaalamu wa mifugo.

Nami, mtu mzima niliyesoma na kusomesha, nilikuwa na jibu langu tayari. Wiki mbili kabla, sungura wawili walitoroka wakala maharage ya jirani yangu. Alikuja kunilalamikia, tukarushiana maneno, tukaachana bila kuagana. Na jioni ya siku iliyotangulia kifo kile nilikuwa nimemwona akipita kando ya banda na bomba la kupulizia dawa mgongoni, akitoka kwenye nyanya zake. Nilijumlisha maharage na bomba, nikapata sumu. Alipopita asubuhi ile na kunisalimu, "Umeamkaje, mzee mwenzangu?", nilimjibu kwa kuguna.

Nikamtumia ujumbe bwana mifugo. Na hapa niseme ukweli: sikumwita ili anifundishe. Nilimwita ili anithibitishie. Nilitaka mtu wa serikali asimame mbele ya banda langu na kutamka neno "sumu", ili niende nalo kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Alifika kwa pikipiki kama saa nne. Alikuwa kijana mpole, asiye na haraka. Jambo la kwanza alimwondoa mtoto. La pili alivaa glavu na barakoa, akaniambia kwamba siku zile au siku nyingine yoyote mzoga usioeleweka haushikwi kwa mkono mtupu. Kisha badala ya kutazama wale waliokufa, alikaa muda mrefu akiwatazama wale walio hai. Nilikereka. Nilidhani haielewi kazi yake.

Alianza kuondoa sababu moja baada ya nyingine, kama mtu apepetaye mchele. Nami nitazieleza kwa jinsi alivyonieleza, pamoja na yale niliyojifunza baadaye, maana mfugaji mwingine anaweza kupata faida.

Kwanza ni maadui wa usiku. Kwetu siafu wakiingia bandani hawaachi kitu. Kicheche akiingia huacha damu na manyoya. Nyoka huacha mmoja amevimba na wengine wamejikunyata pembeni. Hakukuwa na dalili hizo. Lakini adui anaweza kuua hata bila kuingia. Sungura ni mnyama wa hofu. Moyo wake hupiga mara 180 mpaka 300 kwa dakika, na mifupa yake ni myepesi mno kulinganisha na nguvu za miguu yake ya nyuma. Mbwa akibweka karibu na banda, sungura huweza kuruka kwa nguvu akajivunja mgongo mwenyewe, au akafa kwa mshtuko tu. Bwana mifugo alipapasa migongo yote mitatu. Ilikuwa mizima.

Pili ni joto. Sungura hatoi jasho. Hupoza mwili kwa masikio. Joto likizidi nyuzi 30 huanza kuteseka, na banda la mabati lisilo na kivuli humwua mchana mmoja. Banda letu lina paa la nyasi, na lipo chini ya mti. Tena walikufa usiku.

Tatu ni tumbo, na hapa ndipo sungura wengi hufia. Mnyama huyu hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite, na utumbo wake hautakiwi kusimama hata siku moja. Akipewa pumba nyingi na majani makavu kidogo, au majani mabichi yenye umande kwa ghafla, vijidudu vibaya huongezeka tumboni, gesi hujaa, sumu huingia katika damu, naye hufa ndani ya saa chache. Akikosa hamu ya kula na kinyesi kikakoma, usingoje kesho.

Nne ni koksidia, vimelea vinavyokaa katika kinyesi kilicholowana. Hivyo huua hasa watoto wanaoachishwa kunyonya: leo wanacheza, kesho wamevimba matumbo na kuharisha, keshokutwa hawapo. Aina nyingine hushambulia ini na kuliacha na madoadoa meupe. Kinga yake kubwa ni sakafu kavu na yenye matundu, kinyesi kidondoke chini.

Tano ni ule ugonjwa wa virusi ambao wafugaji wa sungura duniani wanauogopa kuliko yote. Ulijulikana kwanza nchini China mwaka 1984, na katika muda usiozidi mwaka mmoja uliua mamilioni kwa mamilioni ya sungura wa kufugwa. Sungura huambukizwa, siku moja mpaka tatu haonyeshi kitu, kisha hupata homa, ini huharibika, damu hutoka ndani kwa ndani, naye hufa. Mara nyingine mwenye mali huona tone la damu puani tu. Aina ya zamani iliwaacha watoto wachanga. Mwaka 2010 Ufaransa ikaonekana aina mpya isiyowaacha hata hao, na mwaka 2020 aina hiyo ilithibitika Nigeria. Binadamu haumpati. Bwana mifugo alizitazama pua zote, zilikuwa safi, akasema, "Tena huu ungeingia humu usingechagua chumba. Kati ya hawa wengine tungekwisha kuona wanaoumwa."

Sita ni sumu. Hapo nilisogea karibu.

"Ndiyo," nikasema. "Sumu. Jana nilimwona mtu hapa na bomba."

Hakuniuliza ni mtu gani. Aliniuliza, "Mzee, hawa na wale wanakunywa maji gani?"

"Maji yaleyale."

"Pumba?"

"Zilezile."

Akazinusa pumba, akazitazama kwenye mwanga kama zina ukungu, maana mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu. Hiyo si ya kufanyia mzaha: mwaka 2016 iliua watu huko Dodoma na Manyara. Pumba zilikuwa nzuri. Isitoshe, alisema, wale wa kulia wamezila pia. "Na dawa ikipulizwa hewani hapa, wale wa kulia wangeivuta pia. Sasa niambie: hawa waliokufa walikula nini ambacho wale hawakula?"

Nikajibu kwa kujiamini kwamba wote walikula majani ya kawaida. Hakuna tofauti yoyote.

Mtoto alikuwa ameondolewa, lakini hakwenda mbali. Sauti yake ikatoka nyuma ya jiko: "Na yale majani ya parachichi uliyowapa jana jioni, babu?"

Ndugu msomaji, kuna ukimya unaouma masikioni. Nilikumbuka. Mchana wa siku ile nilikuwa nimekata tawi la mparachichi lililoegemea bati la nyumba. Jua la Januari lilikuwa limekausha nyasi, na mjukuu wangu alikuwa amehangaika kutafuta majani. Jioni nikaona yale majani ya mparachichi, mapana na ya kijani, nikajiambia: kwa nini yaharibike? Nikawatupia walio karibu, chumba cha kushoto. Nilitaka kufika na kulia, lakini mvungu wa mikono ulikuwa umekwisha kuwa mtupu, nami nikaona uvivu kurudi. Uvivu wangu ndio uliowaokoa wale watatu. Huruma yangu ndiyo iliyowafikia hawa.

Bwana mifugo akachokonoa kwenye kona, akatoa vijiti viwili vilivyoguguniwa mpaka gome. Akampasua Kidoti kwenye kipande cha nailoni ya mfuko wa mbolea. Tumbo lilikuwa limejaa majani. Ini halikuwa na madoa. Lakini kifuani kulikuwa na maji, na moyo ulikuwa umelegea ndani ya maji yake. Akanieleza kwamba majani na gome la mparachichi yana sumu ambayo sisi, tunaofurahia tunda lake, hatuna habari nayo. Hushambulia misuli ya moyo. Mbuzi, farasi, ndege na sungura wote hudhurika, na sungura ni miongoni mwa wanaokufa upesi, pengine siku moja au mbili tu baada ya kula. Hakupeleka kitu maabara, kwa hiyo hakuapa. Alisema tu, "Kwa niliyoyaona, mzee, ningeanza na hayo majani kabla ya kuanza na mtu yeyote."

Akaongeza mfano wa majani ya mihogo. Kisamvu kibichi, hasa cha mihogo michungu, kina sumu ya sayanaidi. Sisi tunakitwanga na kukichemsha, ndiyo maana hakitudhuru. Sungura hana kinu wala chungu. Na alipoona nimeshika vidonge vya rangi mbili, amoksilini ambayo mtu wa dukani aliniambia nifungue na kuwapa wale waliobaki kwa kinga, aliinyang'anya karibu kwa nguvu. Dawa hizo za jamii ya penisilini, sungura akizimeza, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake na kuwaacha vile vibaya watawale. Naye hufa. Ningemaliza na wale watatu kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa nia njema mara ya pili.

Tuliwafukia shimoni, kina cha kwenda mapajani, nguo chafu tukazifua, mikono tukaosha kwa sabuni. Bwana mifugo akaenda zake.

Tangu siku ile nimelifikiri sana lile swali la mjukuu wangu. Katika Kiswahili chetu kati ya "nani" na "nini" ni irabu moja tu. Lakini anayeuliza "nani" tayari amekwisha kuamua kwamba yupo mtu, na kazi iliyobaki ni kumtafuta. Anayeuliza "nini" bado yuko tayari kukutana na jibu asilolipenda. Mtoto anaposema "nani" ni uchungu wake. Mtu mzima anaposema "nani" mtu mwingine huweza kupoteza jina lake, nyumba yake, hata maisha yake. Katika mikoa hii ya Ziwa tunajua ni vikongwe wangapi walikatwa mapanga kwa sababu ng'ombe alikufa au mtoto aliugua, na kosa lao likawa macho mekundu yaliyochomwa na moshi wa jikoni.

Na katika siku zilezile, kilomita chache tu kutoka hapa, wahudumu wa afya walikuwa wakiuliza lile swali la pili. Walipita nyumba kwa nyumba. Hawakuuliza nani amemroga marehemu. Waliuliza: aligusana na nani, alikula wapi, nani alimwosha, nani alilala naye chumba kimoja? Kila aliyegusana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21, kwa kuwa huo ndio muda mrefu ambao virusi vya Marburg hujificha mwilini. Chimbuko lake linajulikana kuwa ni popo wala matunda wakaao mapangoni na migodini, wala si chungu cha jirani. Mwisho wa hesabu walikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa, wote wamefariki. Tarehe 13 Machi 2025 Wizara ya Afya ikatangaza kwamba mlipuko umekwisha. Ulikwisha kwa sababu ya kuuliza, na kuuliza tena.

Njia yenyewe si ngeni. Mwaka 1854 daktari mmoja wa London, John Snow, alitafuta chanzo cha kipindupindu katika mtaa mmoja, akaona wanaokufa wanachota maji kwenye bomba moja. Lakini hakutazama maiti tu. Aliwatazama pia wazima. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani na bomba hilo hawakuugua, naye akagundua kwamba wao walikunywa pombe yao, na walikuwa na kisima chao. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka bwana mifugo wetu, akichuchumaa mbele ya chumba cha kulia. Walio hai ndio waliokuwa na ushahidi, nami nilikereka kwa nini anawatazama.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko kuchimba shimo. Kwanza nilimwambia mjukuu wangu. Nilitaka kumwambia kwamba ni majani ndiyo yaliyowaua, na ni kweli, lakini majani hayakutembea yenyewe. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyewapa. Sikujua." Alinitazama muda mrefu. Siku mbili hakunipa salamu ya jioni, nami sikumkaripia.

Kisha nikaenda kwa jirani. Njiani niliona ni jinsi gani ingekuwa rahisi kutokwenda, maana sikuwa nimemshtaki kwa mdomo wangu mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimeguna, na kijiji kinasikia mguno. Wapo waliokwisha kuanza kusema habari za bomba lake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku zote nilidhani wanamsema ndugu au rafiki, kumbe nguo ni ya mtu na mwili ni wake mwenyewe. Nilimkuta anafunga mashina ya nyanya. Nikamweleza yote, pamoja na niliyomdhania. Hakusema lolote mpaka alipomaliza shina alilokuwa analifunga.

"Mzee mwenzangu," akasema, "juzi mke wangu alikwenda kisimani, wanawake wakampisha njia. Alidhani ni kwa ajili ya Marburg."

Nilikosa la kujibu. Kesho yake asubuhi nilikwenda mwenyewe kisimani, mtu wa umri wangu, nikasimama mbele ya wale wanawake na ndoo zao, nikasimulia habari za tawi la mparachichi na aliyelikata. Wengine walicheka. Bora wanicheke mimi.

Sungura watatu waliobaki wamezaa. Banda sasa liko mbali na mparachichi, na mjukuu wangu ameandika kwa mkaa kwenye ubao wa mlango orodha ya majani yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Babu haruhusiwi kulisha bila kuulizwa. Wiki iliyopita alikuja yule jirani na mzigo wa matembele kichwani. Aliuweka chini, akaugeuzageuza juani mbele yangu.

"Nimeyaanika tangu asubuhi," akasema. "Umande umekwisha. Muulize mjukuu wako kama yanafaa."